Kijiko Kabla ya Hatua

Njia panda ya Dumila, wilayani Kilosa, mabasi ya Morogoro na Dodoma husimama kidogo tu, wachuuzi wakiinua ndoo za nyanya na vitunguu hadi madirishani. Mama anayepanda hapo na mtoto wa miaka minne mgongoni, shingo yake haijakaza bado, kwa kawaida huulizwa na abiria wenzake lini atatembea. Yeye mwenyewe huwa na swali la karibu zaidi: nani atamfundisha kushika kijiko?

Anayefundisha hilo ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi humchanganya na mtaalamu wa fiziotherapia, na si ajabu, maana kazi zao zinapakana. Wa fiziotherapia hushughulika na misuli, viungo na mwendo. Wa tiba kwa vitendo huanzia kwenye shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kucheza, kuandika. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwahitaji wote wawili. Mwenye usonji, anayeziba masikio kila honi ikilia na kukataa chakula chochote isipokuwa wali mkavu, atafaidika zaidi na huyu wa pili.

Ni wachache. Huduma hii ni rahisi zaidi kuipata kwenye hospitali kubwa: Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam, au KCMC mjini Moshi, ambako pia kuna chuo cha fani hiyo. Hata hivyo, mzazi wa Dumila hana sababu ya kukimbilia huko kabla hajagonga milango ya karibu. Aanzie kituo cha afya, akiwa na kadi ya kliniki, aombe rufaa ya hospitali ya wilaya Kilosa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, na ataje neno lenyewe: huduma za utengemao, ambazo tiba kwa vitendo ni sehemu yake. Akisema tu “mazoezi”, ataelekezwa kwenye mazoezi tu. Apige simu kwanza aulize siku za kliniki. Zaidi ya kilomita 60 hadi Morogoro ni nauli ya maana kwa mtu anayelima nyanya.

Kwa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Akiwa amevuka umri huo na familia haina uwezo, wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya matibabu na utengemao, kwa hiyo mzazi haombi hisani. Wapo wanaopitia kwa mganga kwanza. Miezi inayopotelea huko ni ghali, kwa sababu ubongo wa mtoto mdogo ndio hujifunza upesi.

Mtaalamu mzuri humfundisha mzazi kama anavyomfundisha mtoto. Atamwonyesha kuwa kulisha mtoto akiwa amelazwa chali kunaweza kupeleka uji mapafuni. Ataviringisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mpini wa kijiko ili vidole visivyo na nguvu vipate pa kushika. Mzazi asiondoke kabla hajajaribu mwenyewe mbele yake, wala asione haya kumuuliza amesomea wapi.

Kiti nacho kinaweza kutengenezwa nyumbani. Bevill Packer, mwalimu aliyeishi Zimbabwe, aliendeleza ufundi wa kugandisha maboksi na magazeti kwa uji wa unga mpaka yawe magumu kama ubao, na viti vya watoto wenye ulemavu vimetengenezwa hivyo katika nchi kadhaa za Afrika. Maboksi hayakosekani kwenye maduka ya Dumila. Vipimo ndivyo vitoke kwa mtaalamu, maana kiti kisichomkaa mtoto humpinda mgongo. Kikaushwe juani hadi ndani, kipakwe rangi, na masika yakianza kisiachwe uani.