SOMO: Mizani Inaposema Jambo Moja na Kompyuta Ikaandika Jingine

Chama cha msingi humpimia mwanachama mazao yake mara moja tu. Gunia likishaingia ghalani na kuchanganywa na mengine, halipimwi tena. Kinachobaki ni tarakimu iliyoandikwa katika stakabadhi. Kwa sababu hiyo makatibu ambao mizani zao za umeme zimeunganishwa na kompyuta wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini, na wajumbe wa halmashauri vilevile, kwani malalamiko ya uzito huishia mezani kwao.

Somo linahusu chama kilichobaki na programu ya kupokelea mazao iliyoandikwa kwa ajili ya MS-DOS, mfumo wa uendeshaji ulioanza mwaka 1981 na ambao toleo lake la 6.22 ni la mwaka 1994. Uzee wa programu si kosa, maadamu hesabu zake ni sahihi. Taabu ni kwamba kompyuta zenye Windows ya biti 64 haziwezi kuiendesha moja kwa moja. Dawa iliyozoeleka ni kuunda kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na umbo inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi kwa msaada wa programu kama VirtualBox, kisha MS-DOS ikawekwa humo. Daftari hufunguka kama zamani, karani akafurahi. Lakini akiweka gunia juu ya mizani, uzito hauingii.

Katibu asianze kwa kuilaumu programu. Kati ya mizani na daftari kuna waya, kuna poti ya siriali ya kompyuta halisi, na kuna poti ya kompyuta pepe. Kila kimoja kikaguliwe peke yake, kwa kuanzia kilicho karibu na mizani.

Kwanza kitabu cha mizani kisomwe. Mizani nyingine hutuma uzito mfululizo, nyingine hungoja karani abonyeze kitufe cha kuchapa, na nyingine hungoja kuulizwa na kompyuta. Mizani inayongoja kitufe haina ugonjwa wowote, ila haijabonyezwa.

Kisha waya. Katika plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, na ya 5 ni ya ardhi. Kama pini za mizani zimepangwa vivyo hivyo, waya ulionyooka utakutanisha mtumaji na mtumaji, na hakuna atakayesikia; hapo unahitajika waya unaopishanisha 2 na 3. Kuijaribu poti yenyewe ni kazi ya dakika chache: kompyuta pepe ikiwa imezimwa, waya wa mizani uchomolewe, pini ya 2 na ya 3 za kompyuta ziunganishwe kwa kipande kidogo cha waya, kisha programu kama PuTTY ifunguliwe kwenye poti hiyo na herufi zichapwe. Zikirudi kwenye kioo, poti ni nzima. Baada ya hapo PuTTY ifungwe kabisa, kwani katika Windows poti moja haishikwi na programu mbili kwa wakati mmoja.

Katika VirtualBox poti za siriali huwa zimefungwa mpaka mwenye kompyuta azifungue katika mipangilio. Mwenye kutumia adapta ya USB huenda akaona Windows imeiita COM7, na adapta ikihamishiwa tundu jingine namba huweza kubadilika. Programu ya zamani haijui COM7. Kwa hiyo ndani ya kompyuta pepe poti iitwe COM1, yenye anwani 3F8 na IRQ 4, na mipangilio iielekeze kwenye COM7 ya nje. Adapta iachwe katika tundu lake.

Hadi hapo shida ni ukimya, na ukimya hauibi kilo ya mtu. Jambo la kuogopwa ni mizani kusikika nusu.

Mizani iliyopangwa kutuma herufi za biti 7 huongeza biti moja ya ulinzi iitwayo pariti. Ikiwa pariti ni shufwa, mizani huhesabu biti zenye thamani ya 1 katika herufi. Idadi ikiwa witiri, huongeza 1 nyingine ili iwe shufwa. Kompyuta iliyopangwa kupokea biti 8 bila pariti huidhani biti hiyo ni sehemu ya herufi. Kwa kuwa urefu wa jumla ni uleule, kompyuta haioni kosa lolote. Matokeo yake ni kwamba tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 pamoja na nukta hupita salama, lakini 1, 2, 4, 7 na 8 hugeuka kuwa vivuli na mistari ya kuchorea majedwali.

Alama ya mwisho wa mstari nayo hugeuka, hivyo programu inayoingojea itangoja bila mwisho. Hiyo ni afadhali. Programu ya GW-BASIC inayohesabu herufi na kuzisoma kwa VAL itaendelea na kazi, nayo VAL hukoma inapokuta alama isiyo tarakimu. Gunia la kilo 153.0 litaandikwa 0, na kila mtu atashtuka. Gunia la kilo 65.4 litaandikwa 65, na hakuna atakayeshtuka. Mwanachama mwenye magunia 20 ya namna hiyo amekwisha kupoteza kilo 8, na karani hana hatia.

Jiwe la kilo 50 halitoshi kuijaribu mizani, maana 5 na 0 zote ni miongoni mwa zinazopita. Zipimwe shehena ambazo tarakimu zake ni 1, 2, 4, 7 na 8, huku mtu mmoja akisoma uso wa mizani na mwingine akisoma kioo. Zikitofautiana, kitabu cha mizani kitaonyesha mpangilio sahihi. Kwa kasi ya biti 9600 na pariti shufwa, amri ni MODE COM1:96,E,7,1. Lakini programu ya GW-BASIC hujipangia poti yenyewe katika mstari wa OPEN, na kuifuta amri ya MODE. Hapo ni mstari huo unaopaswa kurekebishwa.

Kazi hiyo ikiendelea, upokeaji usisimame. Karani aandike kwa mkono katika daftari uzito unaoonekana kwenye uso wa mizani, mwanachama akishuhudia. Stakabadhi zote zilizotolewa tangu programu ihamishiwe kompyuta pepe zipitiwe: msururu wa uzito usio na desimali, katika mizani inayoonyesha desimali, uwekewe alama na upelekwe mbele ya halmashauri kabla ya malipo.