Soma Jina Kwanza, Namba ya Siri Baadaye

Mama yangu akihitaji pesa hataji kiasi peke yake. Husema, "Nitumie elfu hamsini, na ya kutolea." Kila anayetuma pesa nyumbani Tanzania anayajua maneno hayo. Mama anataka ashike elfu hamsini kamili za kulipia mbolea, na ada ya kutoa isimegwe humo. Hana kadi ya benki, na tawi la karibu ni safari ya nusu siku. Benki yake ni simu ya kitochi na kibanda cha wakala kilicho jirani na mashine ya kusaga.

Naandika haya kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa ajili yetu tunaowatumia. Nimeona mtu mzima akitokwa na machozi mbele ya kibanda kwa sababu ada ya shule ya mwanawe imekwenda kwa mtu asiyemjua. Na katika karibu kila kisa nilichokisikia, pesa ilipotea katika sekunde zilezile chache: kati ya kuandika kiasi na kuandika namba ya siri.

Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, pesa za nyumbani zilisafiri ndani ya bahasha mikononi mwa kondakta wa basi. Juu ya bahasha paliandikwa jina, na kondakta mwaminifu hakuitoa mpaka aulize, "Wewe ndiye mama nani?" Leo swali hilo inabidi uliulize mwenyewe, kwenye kioo cha simu yako.

Piga *150*00# kama unatumia M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, au *150*88# kwa HaloPesa. Huhitaji bando wala simu janja. Menyu zinafanana: unachagua kutuma pesa, unaonyesha mtandao wa anayepokea, unaandika namba, unaandika kiasi. Kisha jina linakuja. Hilo ni jina lililosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, yaani cha NIDA, wala si lile uliloandika wewe kwenye orodha yako ya simu. Hapo simama. Soma majina yote, usiishie kwenye la kwanza, maana akina Fatuma na akina Juma ni wengi. Rudi kwenye kiasi, uhesabu sifuri moja moja; elfu hamsini na laki tano zinatofautiana kwa sifuri moja tu, na kidole kilichochoka hakioni tofauti hiyo. Ukiridhika, ndipo uandike namba ya siri. Jina lisipokuwa lenyewe, funga menyu. Hujapoteza hata senti.

Wasomaji wa Kenya, kwenu ni *334#, na M-Pesa huwaonyesha jina na kuwapa sekunde chache za kusitisha. Mkishateleza, tumeni ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo.

Jambo linalovuruga usomaji wa jina ni laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine. Unamtumia shangazi, linakuja jina la kijana usiyemfahamu. Unampigia, anakujibu, "Tuma tu, ni ya mtoto wa jirani, ndiye aliyenisajilia." Mimi sitaki kuzoea hali hiyo. Mbele ya kampuni ya simu, mwenye pesa zile ni yule kijana. Shangazi akisahau namba ya siri, au simu ikiibwa, hataweza kujitetea dirishani bila kidole cha huyo kijana, ambaye labda amekwisha hamia Geita. Ukienda nyumbani likizo, mchukue shangazi na kitambulisho chake mwende kwa msajili wa laini, abadilishiwe usajili. Ni kazi ya asubuhi moja. Na wewe mwenyewe piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti.

Turudi kwenye "na ya kutolea". Ada za kutoa zimepangwa kwa ngazi: kutoka kiasi fulani mpaka kiasi fulani unakatwa bei moja, ukivuka unakatwa ya juu zaidi. Usitumie bei unayoikumbuka tangu zamani. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021, kisha ikaipunguza Septemba mwaka huohuo, watu wengi walikuwa wakipiga hesabu za jana na wazee wao wakapungukiwa. Angalia bei kwenye menyu au kwenye karatasi iliyobandikwa kibandani. Tafuta ada ya kutoa kiasi anachokitaka mzee, ijumlishe, halafu uangalie ukubwa wa ngazi hiyo. Mara nyingi utaona kwamba kutoa pesa mara moja ni nafuu kuliko kutoa kidogo kidogo mara nne. Lakini mzee anayeishi peke yake, mimi simshauri akae na pesa nyingi ndani ili kuokoa ada. Ada ikiongezeka kidogo kwa ajili ya usalama wake, mlipie.

Wapo wanaokwepa ada kwa kumpa wakala noti na kumwambia amrushie mtu moja kwa moja kwenye namba yake, kana kwamba mwenye namba ndiye anayeweka. Naelewa kwa nini wanafanya hivyo. Kuweka pesa hakukatwi. Ila fikiria unachokiacha. Jina hulioni wewe, analiona wakala, naye hamjui unayemtumia. Namba ikikosewa, simu yako haina ujumbe wowote wa kuonyesha kwamba ulituma. Isitoshe, wakala anavunja masharti yake ya kazi, kwa hiyo siku ya matatizo atakuwa na sababu ya kukana.

Sasa kutoa. Wakala ana mafungu mawili: noti zilizomo kwenye droo, na floti, yaani salio lililomo kwenye simu yake ya kazi. Unapotoa, salio lako linahamia kwenye floti yake, naye anakupa noti. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika ni, "Una laki mbili za kutoa?" Uliza kabla hujagusa simu. Mwisho wa mwezi na siku za gulio, vibanda vya vijijini huishiwa noti mapema, na ukishahamisha salio ndipo unaambiwa usubiri mpaka jioni. Hakikisha pia ni wakala wa mtandao wako. Kisha chagua kutoa pesa, andika namba ya wakala uliyoisoma mwenyewe ukutani, andika kiasi, soma jina la wakala, ndipo uandike namba ya siri. Subiri ujumbe uingie kwako na kwake. Hesabu noti ukiwa bado umesimama pale, usaini daftari ukishamaliza kuhesabu.

Hapo nimewahi kuumia. Nilikuwa stendi ya Msamvu, Morogoro, basi limekwisha washa injini, nahitaji elfu themanini. Nikaandika kila kitu sawasawa, menyu ikanijibu kwamba ombi limepokelewa, kisha kimya. Dakika mbili, tatu. Wakala akatazama simu yake akaniambia, "Mtandao unasumbua, haijaingia kwangu. Rudia." Nikarudia. Akanipa elfu themanini, nikakimbilia basi. Tulipopita Mikumi jumbe mbili zikaingia kwa pamoja, kila mmoja na namba yake ya muamala: elfu themanini, na elfu themanini nyingine. Ilinichukua siku tisa na simu nyingi kuzirudisha. Sijui kama yule wakala alijua. Ninachojua ni kwamba sikuangalia salio kabla ya kurudia, na kuangalia salio kungenichukua nusu dakika. Tangu siku hiyo, menyu ikikwama, narudi kwenye akaunti yangu nione salio. Likiwa limepungua, muamala umepita hata kama ujumbe haujafika. Sirudii, nasubiri pale pale au napiga 100, namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya hapa Tanzania. Salio likiwa lilelile, nasubiri kidogo na kuliangalia mara ya pili, ndipo narudia.

Kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui: kutoa kwenye mashine ya ATM bila kadi. Mwenye akaunti NMB anaweza kupitia NMB Mkononi, *150*66#, kumtumia mtu pesa kwa Pesa Fasta, na mpokeaji akazitoa kwenye ATM ya NMB hata kama hana akaunti popote. CRDB nao wana huduma ya kutoa bila kadi kupitia SimBanking, *150*03#. Mpokeaji anakwenda na simu yake tu. Kwenye mashine anachagua kutoa bila kadi, anaandika namba ya simu, tarakimu alizotumiwa na kiasi, noti zinatoka. Inafaa sana usiku vibanda vikiwa vimefungwa, au kwa mwanafunzi aliyepoteza kadi akiwa mbali na nyumbani.

Mambo matatu tu uyazingatie. Mashine nyingi hutoa noti za elfu kumi, baadhi na za elfu tano, basi usitume elfu arobaini na saba ukategemea zitoke. Tarakimu zile zina muda wake. Ukipita hazifanyi kazi, kwa hiyo tuma mpokeaji akiwa karibu na mashine. La tatu ni zito kuliko yote: mwenye tarakimu ndiye mwenye pesa. Usizisome kwa sauti kwenye foleni, usimpe mlinzi akuandikie, na anayekupigia akidai ni mtu wa benki anayetaka "kuzihakiki", mkatie simu.

Namba ya siri inawatesa wazee kuliko sisi tunavyodhani. Siku moja nilifungua kifuniko cha simu ya mama kubadilisha betri, nikakuta ndani yake karatasi ndogo yenye tarakimu nne. Akaniambia wakala alimsaidia kuandika. Sikumgombeza. Tuliketi barazani, nikamwomba achague tarakimu mpya asiniambie, ila zisiwe mwaka wake wa kuzaliwa wala 1234. Akafanya mazoezi kwa kuzibonyeza kama mtu anayepiga simu, anafuta, anarudia, mpaka kidole kikajua njia bila macho. Mtu aliyechota maji kisimani gizani miaka yote hiyo ana kumbukumbu ya mwili iliyo imara, na ndiyo niliyoitegemea. Ile karatasi tukaichoma jikoni. Siku hizi wakala akitaka kumshikia simu "amharakishie", mama anageuka pembeni, anabonyeza mwenyewe.

Matapeli nao wanazijua shughuli zetu vizuri. Ujumbe unakuja kutoka namba ya kawaida: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Unatumwa kwa maelfu, ukimtafuta yule mmoja ambaye kweli leo anadaiwa kodi na mwenye nyumba. Dawa yake ni kumpigia mdai wako kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Mwingine anakutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa kupokea pesa, kisha anapiga akilia kwamba amekosea namba na mama yake yuko hospitali. Usiangalie ujumbe, angalia salio. Ikiwa kweli pesa imeingia, bado usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie kwa upole apige kwa kampuni yake, waurudishe muamala wao wenyewe. La sivyo unaweza kumtumia wewe, naye akaomba kurudishiwa, ukakatwa mara mbili. Ujumbe wa tapeli utume kwenda 15040 na ufuate maelekezo yatakayokuja.

Ukikosea wewe, dakika zina thamani. Usianze kubembelezana na aliyepokea. Piga 100 ukiwa na namba ya muamala mbele yako, uombe pesa izuiwe. Ikiwa bado iko kwenye akaunti yake, kuna matumaini makubwa. Akiwa ameshaitoa, utahitaji polisi, na njia hiyo ni ndefu. Ndiyo maana ujumbe wa miamala usiufute haraka. Nami miamala mikubwa hunakili namba zake kwenye daftari la nyumbani, pamoja na tarehe.

Na simu ikipotea, wengi hudhani pesa imepotea nayo. Haimo kwenye simu wala kwenye laini. Iko kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lako. Azima simu ya jirani, piga 100, uombe laini na akaunti zifungwe. Kisha nenda duka la kampuni yako ya simu na namba yako ya NIDA, uweke kidole, upewe laini mpya yenye namba ileile. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Ukiipata, badilisha namba ya siri ukiwa bado umesimama dukani, kisha angalia salio na usome miamala ya mwisho, jina kwa jina, kabla mhudumu hajaita mteja mwingine.