Nyeri hewani

Swali: Klabu yetu ya redio ya ridhaa hapa Nyeri itaanzia wapi mashindano ya hewani?

Jibu: Kwanza leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Shindano la CQ World Wide la sauti hufanyika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, saa 48 mfululizo. Kila kituo humpa mwenzake ripoti ya usikivu na namba ya kanda. Ya Kenya ni 37. Kunasa bara jingine ni pointi 3, nchi nyingine ya Afrika 1. Vituo vya Kenya, ambavyo majina yao ya hewani huanza na 5Z, ni adimu, hivyo wageni huvigombania.

Wageni wa fani waanze na Jamborii ya Hewani ya skauti, pia Oktoba, isiyo na ushindani. Nyeri, alikozikwa mwanzilishi wa skauti Baden-Powell mwaka 1941, isikose kusikika. Tundikeni antena mapema.