Dondoo muhimu: Muheza hadi Kwamkoro kwa baiskeli

Barabara hii hupita bonde la Mto Zigi, kisha hupanda Usambara Mashariki kwa kona kali hadi Amani na mashamba ya chai ya Kwamkoro.

• Ondoka Muheza alfajiri. Joto la bondeni humaliza nguvu kabla ya mlima.

• Epuka masika, Machi hadi Mei: udongo mwekundu huganda kwenye tairi hadi gurudumu ligome kuzunguka.

• Pumzika Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani. Lipa hapo kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa 1997.

• Beba tyubu, viraka na pampu. Msituni hakuna fundi.

• Kagua breki kabla ya kuteremka, na piga kengele kila kona: malori ya chai na bodaboda hutokea ghafla.