Tezi ya Thaimasi, Jeni na Kinga ya Mtoto Mwenye Utapiamlo

Katika kliniki za watoto za Kibondo na Kasulu, mzazi hufarijika mizani inapoonesha kwamba mtoto aliyekuwa na utapiamlo mkali ameanza kuongezeka uzito. Hata hivyo, uzito hurudi mapema kuliko kinga ya mwili. Sababu mojawapo imo katika thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kidari.

Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya utafiti London, alionesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo mara baada ya kuzaliwa walipungukiwa sana na limfosaiti, wakaandamwa na maradhi, na wengi wakafa. Baadaye ilifahamika kwamba humo ndimo zinamokomaa seli T, askari wa kinga ya mwili.

Seli changa hutoka katika uboho wa mifupa zikiwa bado na uwezo wa kuwa seli za aina mbalimbali. Zifikapo kwenye thaimasi hugusana na seli za tezi, na mguso huo huamsha kipokezi kiitwacho Notch1. Ishara hufika kwenye kiini cha seli, na jeni za protini TCF-1 na GATA3 huwashwa. Kisha huwashwa jeni ya Bcl11b, ambayo husaidia kufunga njia nyingine. Tafiti za panya zilizochapishwa mwaka 2010 zilionesha kwamba Bcl11b ikikosekana, seli hushindwa kushika njia ya seli T.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali husinyaa thaimasi, na mahali pa kukuzia seli hizo hupungua. Utafiti uliofanywa Bolivia ulionesha kwamba watoto walirudisha uzito kwa takriban mwezi mmoja, ilhali thaimasi ilihitaji takriban miezi miwili.

Mambo ya kuzingatia:

1. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5, au mwenye uvimbe wa miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

2. Mtoto huyo anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Achunguzwe na kutibiwa kwa kufuata mwongozo.

3. Mahudhurio ya kliniki na chanjo, ikiwamo ya surua, yaendelee hata baada ya uzito kurudi. Mizani ikiridhika, huenda thaimasi bado inajijenga.