Sotoka: ugonjwa uliofuata majeshi na misafara



Zamani misafara ya pembe za ndovu kutoka Tabora kwenda Bagamoyo haikupita Ugogo bure. Watemi walitoza hongo ya nguo, shanga na waya, kwa sababu maji na chakula vilikuwa mikononi mwao. Mifugo nayo ilikuwa akiba. Mvua ikikosekana, ng'ombe walibadilishwa kwa nafaka, na maisha yakaendelea.

Mwaka 1887 jeshi la Italia lilishusha ng'ombe katika bandari ya Massawa, Eritrea, kwa chakula cha askari. Inaaminika kwamba ng'ombe hao ndio walioleta sotoka. Ng'ombe wa huku hawakuwa na kinga nayo. Ugonjwa ukashuka Ethiopia, ukafika kwa Wamaasai mnamo 1890 na 1891, na mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi. Ulisafiri na ng'ombe wa biashara, wa kutekwa vitani, hata na nyati.

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Ikafuata njaa, na ndui juu yake. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, yaani maangamizi. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wanajenga utawala wao, wakiwa tayari na kituo Mpwapwa. Hawakuileta sotoka wao, lakini waliwakuta watu wasio na maziwa, wasio na mahari, wasio na cha kubadilishia nafaka. Mtu wa namna hiyo atapinga kodi kwa nguvu gani? (Hapohapo Mpwapwa, mwaka 1905, ndipo ilipoanzishwa maabara ya mifugo.)

Sotoka ya ng'ombe ilimalizwa kwa chanjo. Ile iliyotumika zaidi ilitengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Ila ndugu yake yupo: sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa nchini mwaka 2008. Njia yake ni ileile, mnyama mgeni. Mbuzi uliyemnunua mnadani leo anaweza kuonekana mzima, kesho akaanza homa, makamasi, tongo machoni, vidonda mdomoni, kukohoa na kuhara.

Kwa hiyo mbuzi wa mnadani asiingie zizini siku hiyohiyo. Mtenge wiki tatu, na chombo chake cha maji kiwe peke yake. Mama na watoto wanaohudumia mbuzi waambiwe pia, maana mara nyingi ndio wa kwanza kuona makamasi. Dalili zikionekana, usikimbilie kuuza. Mwite afisa mifugo wa kata, na usihamishe kundi mpaka afike. Chanjo ipo, na mbuzi akichanjwa hupata kinga ya miaka mitatu au zaidi. Wanaozaliwa baada ya kampeni hawana kinga hiyo, basi waandikishe kwa chanjo inayofuata.