Mtoto Wetu na Shule Maalum: Baba na Mama Waamue Pamoja



Somo letu safari hii lahusu jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma. Ni habari ya mtoto asiyesikia, asiyeona, mwenye viungo dhaifu, au ambaye akili yake inakwenda polepole kuliko ya wenzake. Wengi hudhani kwamba elimu ya mtoto huyo ni kazi ya waalimu na serikali. Lakini kabla hajafika mbele ya mwalimu yeyote, shauri lake hukatwa nyumbani, kati ya baba na mama. Wakipatana, atasoma. Wakilaumiana, atabaki nyuma ya jikoni akifukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, na miaka itapita.

1. Maneno ya watu

Twayajua yasemwayo. Wengine husema ni laana ya ukoo, au mahari haikumalizwa, au mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba, au jirani ameroga. Wengine husema kifafa huambukizwa kwa mate; basi mtoto hutengewa kikombe chake na wenzake hukatazwa kucheza naye. Wapo wanaoogopa kwamba wageni wa posa wakimwona, dada zake hawataolewa.

Na kuhusu shule maalum, kuna maneno ya aina mbili. La kwanza: "Mnapoteza pesa bure, atasoma awe nani?" La pili: "Mpelekeni bweni huko mbali, nanyi mpumzike." La kwanza lamnyima mtoto shule. La pili lamnyima nyumba. Yote mawili yatoka katika wazo moja, kwamba mtoto huyu si mtoto kamili.

Hata shuleni wazo hili limeingia. Wakati wa mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wako waalimu wakuu waliosita kumpokea mtoto mwenye ulemavu kwa kuogopa kwamba angeshusha wastani wa shule. Na wako wazazi waliolalamika mtoto wao alipoketishwa dawati moja naye.

Sisi makatekista twaona jambo lingine. Tunapoandikisha familia tunauliza, "Mna watoto wangapi?" Baba ajibu, "Watano." Mama anatazama chini. Wa sita yuko chumbani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, yaani watu 2.2 katika kila 100. Mtoto ambaye wazazi hawamtaji hawezi kuingia katika hesabu ya sensa, wala ya shule, wala ya parokia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

2. Nani wa kulaumiwa?

Hapa ndipo ndoa nyingi hupasuka. Baba asema, "Katika ukoo wetu hakuna kitu kama hiki." Mama hurudishwa kwao, au baba huanza kulala kwingine. Basi tuuseme ukweli waziwazi.

Mtoto anaweza kupata ulemavu kwa sababu uchungu wa kuzaa ulichukua muda mrefu na akakosa hewa. Anaweza kuupata kwa malaria kali iliyopanda kichwani, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa surua, au kwa masikio yaliyotoka usaha muda mrefu bila kutibiwa. Mtoto mwenye hali iitwayo Down ana kromosomu moja zaidi, ile ya 21, katika chembe za mwili wake. Watoto hao huzaliwa katika kila taifa, kwa matajiri na kwa maskini. Mtoto mwenye ualbino hurithi hali hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama baba na mama wenyewe ni weusi kabisa. Uziwi nao, pale unaporithiwa, mara nyingi hutoka pande zote mbili namna hiyo hiyo. Na kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kumshika mtoto aliyeanguka.

Kwa hiyo, bwana, usimtwike mkeo mzigo ambao hata daktari hawezi kumtwika. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu wa kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili. Tukiendelea kuuliza swali lile lile, twauliza swali ambalo limekwisha jibiwa.

3. Sheria na mahali pa kuanzia

Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto wa Kenya haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Yasema pia kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia shule zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri inavyomfaa yeye mwenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamdai mzazi ampeleke mtoto wake shuleni, wala haimwachi nje mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Hapo zamani watu walisema wanamwonea huruma mtoto kwa kumwacha nyumbani. Leo kumwacha nyumbani ni kuvunja sheria.

Pa kuanzia ni hospitali, ili ijulikane kama kuna jambo linaloweza kutibiwa. Mtoto anayedhaniwa kuwa mzito wa akili huenda hasikii vizuri tu. Kisha nendeni kwenye kituo cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalum, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto na kuwashauri wazazi juu ya shule inayomfaa. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itawaonyesha kilicho karibu. Wote wawili mwende. Mama akienda peke yake atarudi na barua ambayo baba hataisoma.

4. Shule ipi?

Si kila mtoto mwenye ulemavu anahitaji shule maalum, wala si kila mmoja atafaidika katika darasa la kawaida. Tuchukue mifano.

Mtoto asiyesikia anahitaji lugha, naye anaihitaji mapema. Lugha yake ni Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba yenyewe inaitambua. Akiketi katika darasa la kawaida la watoto sabini bila mtu anayejua ishara, yuko pale kwa mwili tu. Kwa mtoto huyu shule ya viziwi ni msaada mkubwa. Upande wetu huu tunayo ile ya Mumias, iliyoanza mwaka 1961. Ni safari ya matatu kwa mtu wa Kitale, kupitia Webuye na Bungoma, lakini watoto wengi wamepata lugha yao ya kwanza mahali pale.

Mtoto ambaye miguu yake ni dhaifu na akili yake ni timamu, yeye huhitaji njia isiyo na ngazi, choo anachoweza kukifikia, na mwalimu mwenye moyo. Ikiwa shule ya kijijini yaweza kumpa hayo, na abaki na ndugu zake. Ikiwa haiwezi, zipo shule za watoto wenye ulemavu wa viungo, kama ile ya Nalondo katika Bungoma.

Mtoto mwenye ualbino, mara nyingi amtosha kiti cha mbele, maandishi makubwa, kofia, na ruhusa ya kukaa kivulini. Asiyeona kabisa yampasa ajifunze Breli kwanza. Akishaijua, anaweza kusoma na wenzake.

Mtoto ambaye akili yake inakwenda polepole asipimwe kwa mtihani wa ndugu yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, una njia ya watoto wanaopanda kwa hatua badala ya umri. Hujifunza kujitunza, kuhesabu pesa, kufuma, kupanda mboga, kufuga. Mzazi akiuliza, "Atapata alama ngapi?" ameuliza swali la mtoto mwingine. Aulize, "Mwaka huu anaweza kufanya nini ambacho mwaka jana hakuweza?"

Na kwa wale wasemao atasoma awe nani: Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza macho mwaka 1995, na mwaka 2000 huko Sydney alishinda mbio za mita 5,000 za wasioona. Josephine Sinyo, mwanasheria asiyeona, aliingia Bungeni mwishoni mwa miaka ya 1990. Si kila mtoto atafika huko, kama vile si kila mtoto anayeona afikavyo. Lakini mtu anayeweza kuvaa nguo zake, kupika uji wake na kuuza mayai yake sokoni bila kudanganywa amefika mbali.

5. Mahindi yamevunwa: pesa ziende wapi?

Tuseme kuna bwana na bibi huko Kiminini. Wamevuna magunia thelathini. Mtoto wa kwanza anakwenda sekondari, na wa tatu, asiyesikia, amepata nafasi bweni. Serikali hutoa fedha za ziada kwa wanafunzi wenye ulemavu, lakini gharama za bweni, nauli na sare bado zaweza kumgusa mzazi. Baba asema, "Tumsomeshe huyu mkubwa kwanza, atakuja kumsaidia mdogo wake." Maneno hayo yaonekana ya busara. Lakini huyu wa tatu ana miaka saba bila lugha, na lugha haingoji. Akifika miaka kumi na mitano bila kujua kuomba maji wala kusema ni nani aliyemdhuru, kaka yake atamsaidia kwa nini?

Hatusemi mkubwa anyimwe. Twasema watoto wote wawili waandikwe kwenye karatasi moja, kila mmoja na mahitaji yake, na mgawanyo ufanywe na baba na mama wakiwa wameketi pamoja, kabla gunia la kwanza halijauzwa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, uliwaita wazazi waelimishaji wa kwanza wa watoto wao. Wa watoto wao wote.

6. Likizo ni mtihani wa wazazi

Kuna watoto wanaopelekwa bweni na kusahaulika. Siku ya kufunga shule wenzao huchukuliwa, wao hukaa juu ya sanduku wakitazama lango. Shule maalum si mahali pa kumficha mtoto.

Na hata anayechukuliwa huweza kufika nyumbani akawa mgeni. Huko shuleni alicheka, alibishana, alisimulia ndoto zake kwa mikono. Nyumbani hakuna ajuaye ishara hata kumi. Atakaa mwezi mzima bila mazungumzo, akielekezwa kwa kidole kama ndama. Basi baba na mama, jifunzeni. Mwombeni mwalimu awafundishe ishara chache kila mnapomtembelea. Na mtoto mwenyewe ni mwalimu mzuri. Babu na ndugu zake nao wafundishwe. Apewe kazi za nyumba kama wengine, aende Misa na wengine, atajwe jina lake mbele ya wageni. Majirani hufuata wanavyoona wazazi wakifanya. Mkimwita "yule bubu", nao watamwita hivyo.

7. Kazi ya nyumbani kwa wanandoa

Jioni moja, watoto wakishalala, zimeni redio mkajibu maswali haya. Kila mmoja amsikilize mwenzake mpaka amalize.

– Je, kuna neno la lawama nililowahi kukuambia juu ya mtoto wetu, ambalo bado linakuuma?
– Ni nani katika ukoo anayetuzuia kumpima au kumpeleka shule, nasi tutamjibu pamoja vipi?
– Mara ya mwisho sote wawili tulimtembelea shuleni ilikuwa lini?
– Kama hatuna mtoto wa namna hii, je, jirani yetu anaye? Katika jumuiya ndogo ndogo yetu ni nani anayekosa ibada kwa sababu hana wa kumwachia mtoto?

Katika Injili ya Marko watu wanne walimbeba mgonjwa na kumteremsha kupitia darini. Baba na mama ni wawili tu. Wale wawili wengine watoke katika jumuiya: mmoja wa kusindikiza hadi kituo cha kupimia, mmoja wa kukaa na watoto waliobaki nyumbani. Ulizeni Jumapili hii ni nani aliye tayari.